Maneno ya Paulina

Olumbi, 4 Mei 2025

Shoga yangu Delfina,

Salaam nyingi kutoka Olumbi. Sisi wazima. Mama anakusalimu, na Zuleica, mtoto wa marehemu dada Awa, anauliza yule shangazi mwenye kicheko kikubwa atarudi lini. Nimemwambia huko Mbau una darasa zima la kulifokea, huna nafasi.

Barua hii anakuletea Cosme wa gari la mihogo, pamoja na sura mpya za riwaya yangu. Rede ya simu hapa ikija asubuhi, mchana imeshaondoka, na hata ikiwepo, simu anashika mama. Utaona Mwanahawa amefika pale ambapo ami yake anataka kumwoza mtu asiyemtaka. Rafiki yake Paulina anaingia barazani na kuwaambia wazee wote, waziwazi, kwamba Mwanahawa hakubali. Nililia nikiandika. Kisha sura ya tisa Paulina anafariki kwa homa, na Mwanahawa anabaki na ujasiri aliomwachia. Nikimaliza nitaipeleka ng'ambo ya Ruvuma, kwa mchapishaji wa Dar es Salaam yule niliyekwambia.

Sasa nikwambie la kweli lililonifanya nikae kuandika leo. Ami Abdurremane alikuja Ijumaa. Unajua tangu Awa afariki, shemeji Aiuba yuko Palma na mama yake na duka lake la vipuri vya pikipiki, na mtoto yuko kwetu. Ami anasema haifai Zuleica alelewe na mama wa kambo wa kuokotwa, na mimi nipo. Anasema dada akifa mdogo wake anashika nafasi, ndivyo walivyofanya kwa bibi yetu, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Simtaki, Delfina. Aiuba si mtu mbaya, hajanikosea hata siku moja. Lakini nimemwita shemeji miaka yote, na mimi ndiye niliyemfunga Awa kapulana kiunoni siku ya arusi yao. Siwezi kuingia kwenye kile chumba nikajiita mke. Na kumwambia ami siwezi vilevile. Baba hayupo, yeye ndiye baba. Nikimwona tu ulimi unakuwa mzito. Nimekumbuka ulivyosema na mkuu wa chuo cha ualimu kule Pemba walipotaka kututenganisha chumba. Njoo basi, useme na ami. Wewe anakuogopa.

Wako,
Dalila


Mbau, 13 Mei 2025

We Dalila,

Nimesoma. Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika zaidi.

Huyu Paulina ni mimi, usinibishie. Umemtia mwanya, umemtia sauti ya kufukuzia nyani shambani. Sawa, mwanya ninao na sauti ninayo, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kazi uliyompa. Paulina anachota maji. Paulina anabeba mzigo. Paulina anagombana na muuza samaki, Paulina anasema na wazee. Mwanahawa je? Anainama. Anawaza. Anatazama kucha zake ukurasa mzima! Halafu kazi ikiisha, Paulina anakufa. Homa, ukurasa mmoja na nusu, kwisha, wakamzike. Sikumwona hata mara moja akila. Hana mama, hana kwao, hana kitu anachokitaka yeye kama yeye. Kwani mimi ni mbolea? Nioze ili mwenzangu aote?

Na huo ujasiri "aliomwachia", ameuacha wapi, chini ya mto? Mtu haachiwi ujasiri kama sufuria, bwana.

Habari ya ami yako: siji. Tangu vita tunafundishia chini ya turubai mpaka leo, na juzi mama yangu amepelekwa hospitali Mueda kwa ajili ya macho, kwa hiyo mambo ni mengi. Lakini hata ningekuwa nimekaa bure nisingekuja. Chuoni nilikusemea. Ofisi ya elimu nilikusemea. Hata yule Fauzi aliyekutaka Pemba, nilimkataa mimi kwa niaba yako, na baada ya mwezi ukaniambia eti ulimpenda kidogo! Nimechoka kuwa mdomo wa mtu mwenye mdomo wake.

Kama huwezi kusema, basi usiseme. Wakija kukuuliza, nyamaza. Usiwape hata neno. Kwetu kule juu Mueda msichana akiulizwa akanyamaza, wazee wanajua moyo wake haupo, wananywa maji wanaondoka. Kunyamaza unaweza, hilo najua. Hata Mwanahawa wako analiweza.

Delfina


Olumbi, 22 Mei 2025

Delfina,

Barua yako imeniuma, lakini nimeimeza. Mbolea! Hivi unajua nilivyokupenda nikiandika yale? Kila ukurasa wenye uhai katika kile kitabu ni ule unaoingia wewe. Mwalimu mwenzangu hapa, Laura, alisoma akasema Paulina ndiye anayemfanya asiweke kitabu chini. Nilidhani utafurahi.

Hata hivyo nimejaribu. Nimemtoa Paulina barazani, nimemwingiza Mwanahawa peke yake mbele ya wazee. Wiki nzima sasa amesimama pale kama mlingoti. Kila nikimpa maneno, yanatoka ya Paulina. Anasema "bwana". Anapiga meza. Mwanahawa gani anapiga meza? Nafuta. Nampa maneno ya upole, nikiyasoma naona hakuna mzee duniani atakayeyasikia. Nafuta tena. Nimechana karatasi mpaka mama ananiuliza nazitoa wapi nyingine.

Kwa habari ya ami, ahsante kwa ushauri. Nitafanya kama ulivyosema. Akiniuliza nitanyamaza.

Dalila


Mbau, 3 Juni 2025

Dalila,

Naandika haraka, Cosme anapiga honi.

Tatizo si Mwanahawa. Tatizo ni kwamba Paulina hakosei. Kila akifungua mdomo amepatia. Mtu wa hivyo ukiwa naye utajifunza nini? Utamsubiri tu aseme. Mpe Paulina kosa. Mfanye aseme kwa sauti kubwa jambo ambalo si kweli, na Mwanahawa ajue kuwa si kweli, tuone atafanya nini. Na mpe shida yake mwenyewe ambayo Mwanahawa haioni kwa sababu hajainua macho.

Mama bado yuko Mueda. Jumamosi nilikwenda kumwona.

Delfina


Olumbi, 19 Juni 2025

Delfina,

Walikuja Jumapili. Ami, na sheikh Abdurrazaque, na wazee wawili wa kushuhudia. Wanawake tulikaa ndani, pazia limeshushwa. Sheikh akauliza kutoka upande wa pili, kwa sauti nzuri kabisa, kama nimeridhika ami yangu anioze kwa Aiuba. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikanyamaza. Akauliza mara ya tatu, nikatazama mkeka, nikafunga mdomo kama ulivyoniambia.

Wakapiga vigelegele, Delfina! Nyumba nzima! Shangazi akaanguka kifuani kwangu analia kwa furaha, mama akasujudu. Upande wa pili nikasikia wazee wakisema alhamdulillahi, mtoto ana adabu.

Kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza ndiyo amekubali. Haya zake ndizo jibu lake. Aliyewahi kuolewa ndiye anayetakiwa kutamka, mwanamwali hatamki, kunyamaza kunatosha. Ndivyo ilivyo kwa sheria na kwa desturi, kila mtu wa pwani anajua. Ndoa ni Ijumaa tarehe kumi na nane Julai. Mbuzi wameshaagizwa.

Nimefuata ushauri wako neno kwa neno. Sasa nifanye nini?

Dalila


Mbau, 25 Juni 2025

Dalila,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Wanafunzi wameniuliza kama naumwa.

Mimi sikujua. Mimi ni Mmakonde, Mkristo, nimezaliwa Mueda, mambo ya pazia nimeyaona kwenu mara moja tu na nilikuwa nakula pilau. Nilisema ujinga, nakubali, na nimejilaumu mpaka nimechoka. Lakini wewe? Wewe umezaliwa Olumbi! Umekaa nyuma ya mapazia hayo tangu hujaota meno. "Kila mtu wa pwani anajua," umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Kwa hiyo ulisoma ushauri wangu wa tarehe kumi na tatu ukajua palepale kwamba ni wa kijinga. Hukuniambia "Delfina, umekosea." Uliandika "ahsante kwa ushauri." Ukauweka vizuri mfukoni, ili siku utakapokuwa unalia katika nyumba ile, useme ni Delfina.

Na kuna lingine, maadamu leo naongea. Nimekuandikia mama yangu amelazwa. Nimeandika tena kwamba bado amelazwa. Wewe hukuuliza. Hukuuliza hata "mgonjwa anaendeleaje," ambalo hata mtu wa njiani anamuuliza mwenziwe. Jicho la kushoto limeshakwenda, Dalila. La kulia wanajaribu. Anapapasa uso wangu kujua kama nimekonda. Unaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu kucha za mtu asiyekuwepo, lakini mama yangu, aliyekufundisha kupika mathapa ya kisamvu ukala ukaomba tena, huna hata mstari wake.

Mimi si mtu wa kitabuni. Usiniandikie mpaka ulijue hilo.

Delfina


Olumbi, 2 Julai 2025

Delfina,

Umesema nisikuandikie. Naandika.

Mama anaendeleaje? Jicho la kulia je? Anakula? Nani analala naye pale hospitali? Nimeona aibu kuandika maswali haya kwa kuchelewa hivi, lakini nimeona ni aibu zaidi nisiyaandike. Nimemwambia mama yangu, naye amenigombeza mbele ya Zuleica, akasema huyo mama alitupokea miezi minne tulipokimbia vita, na mimi nimepata barua mbili nikakaa nazo. Amempa Cosme nazi na samaki mkavu ampelekee.

Ndiyo, nilijua. Nilipofika mstari ule wa "nyamaza" nilijua. Na unataka kujua nilihisi nini? Nafuu. Nilihisi nafuu, Delfina, nikajichukia baadaye. Sina la kujitetea.

Juzi nilikwenda kwa ami. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilimkuta anakula. Akasema, "Karibu mwanangu, nipe maji." Nikampa maji, nikamnawisha, nikachukua vyombo, nikarudi nyumbani. Njiani nilijipiga kofi, kweli kabisa, watoto wakanicheka.

Kisha nikamwendea mke wa sheikh, yeye akamuuliza mumewe. Sheikh anasema siku ya akdi ataniuliza tena kabla ya kufunga, na mpaka hapo naweza kurudisha neno langu. Ila safari hii kunyamaza hakutafaa kitu. Lazima nitamke, na wasikie.

Sikuombi uje.

Dalila


Mbau, 20 Julai 2025

Dalila,

Nimefika salama, na hasira zangu nazo zimefika salama.

Ndiyo, uliandika sikuombi uje. Nilisoma. Nikasema sawa, vizuri, hatimaye. Halafu Alhamisi nikamwachia mwenzangu Telma darasa, nikapanda gari la Cosme. Sikuweza, bwana. Nilikuona kichwani mwangu umekaa pale unatazama mkeka, wanauliza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mimi niko Mbau nafundisha sehemu na desimali! Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Cosme aliisikia yote, akasema ni nzuri ila nipunguze matusi.

Nilipoingia chumba cha wanawake hukuniona, au ulijifanya hukuniona. Ulikuwa umepakwa msiro usoni, mweupe kabisa, na mikono imekazwa mapajani. Nikakaa mlangoni. Sheikh akauliza. Nikaona midomo yako haitikisiki, nikaona shangazi yako ameshavuta pumzi ya vigelegele, nikasimama. Nikasema, "Sheikh, samahani, mimi ni rafiki yake na nina neno."

Na wewe, bila hata kugeuza kichwa, ukasema, "Delfina, kaa chini."

Mimi! Mbele ya wanawake wote wa Olumbi! Nilikaa. Sijui hata nilikaaje, nadhani nilimkalia mtu.

Halafu ukasema. Sauti ilikuwa mbaya, nikuambie ukweli, ilikwaruza na katikati ilikatika. "Ami, sikubali. Aiuba ni shemeji yangu na ataendelea kuwa shemeji yangu. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, si kwa ridhaa. Nisameheni, lakini sikubali." Basi. Hukupiga meza, hukusema "bwana". Nikasikia mbuzi wakilia nje.

Nimekasirika kwa mambo mawili. La kwanza, hotuba yangu nzuri ile imenikaa tumboni mpaka sasa na haina pa kwenda. La pili, ulikuwa na haki. Ningesema mimi, ningemtukana ami yako kwenye sentensi ya tatu, wangenitoa nje kama mlevi wa bara, na wangekuozesha wakisema yule Mmakonde ndiye asiyetaka, si mtoto wetu. Nililiona hilo nikiwa nimekaa pale chini, na halikunifurahisha hata kidogo. Nimezoea kuwa mimi ndiye ninayejua.

Cosme alikuwa anapiga honi na ami yako alikuwa ananitazama vibaya, nikaondoka bila kukuaga. Niambie yaliyofuata. Na Paulina mwache afe au apone, shauri yako, ila kama akifa nataka arobaini yake iwe na watu.

Mama anatoka Jumatano. Jicho la kulia linaona kidole, na linaona rangi ya kapulana. Amesema nazi zenu ni tamu.

Delfina


Olumbi, 31 Julai 2025

Delfina wangu,

Alhamdulillahi kwa jicho la mama. Mwambie nikipata ruhusa kwa directora wa shule nitakuja kumwona mwezi ujao, na nitakaa, sitapita tu. Na siku ile sikujifanya kwamba sikuoni. Nilikuona tangu unaingia. Kama ningegeuza kichwa kukutazama, ningekuachia useme. Ndiyo maana sikugeuka.

Usidhani sasa mambo ni mazuri. Ami hajakanyaga hapa tangu siku ile. Mama ananipikia, ananifunikia chakula, haniambii "njoo ule". Nikienda kisimani wanawake wanaacha kuongea, kisha wanaanza tena kwa nguvu kuhusu mvua. Riwaya sijaigusa. Nimesoma sura zile zote jana, nikaona namchukia Mwanahawa. Sijui kama nitamwandika upya au nitamtupa. Nilitegemea kwamba mtu akishasema neno lake atajisikia mwepesi. Mimi nimejisikia nimechoka, na nimekasirika, na sijui hata nimkasirikie nani.

Mpaka juzi, nilipompata wa kumkasirikia. Aiuba alikuja na pikipiki kumchukua Zuleica akakae na bibi yake Palma. Nikatoka nje kumwomba radhi, maana ile aibu nimempa mbele ya watu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Dalila, hata mimi sikutaka." Nikamwambia, "Nini?" Akasema ami alimwita, akamweleza mambo ya mtoto na ya heshima ya Awa, naye akainamisha kichwa. Akaona akikataa atakuwa amemtukana marehemu. Akasikia kwamba mimi nimenyamaza nyuma ya pazia, akasema basi, mtoto wa watu ananitaka, nitamvunjiaje uso.

Nikamfokea! Ungekuwepo ungenishika mikono. Nilimwambia wewe mwanamume mzima, hakuna anayekushushia pazia, hakuna anayekufundisha haya, ulishindwa nini kufungua mdomo? Miezi yote mimi silali, mama halali, mbuzi wa watu wameagizwa, na wewe ulikuwa unainamisha kichwa? Majirani walitoka. Mama alitoka. Yeye akasimama pale ameshika kofia yake ya pikipiki, akasema, "Una haki," na hilo likanikasirisha zaidi.

Lakini mtoto alimchukua. Ni wake, na bibi yake ameshamtandikia kitanda, na mimi niliyekataa kuwa mke wa baba yake sina cha kumzuilia. Nilimvalisha Zuleica gauni la njano, nikamfungia nguo zake, nikampandisha kwenye pikipiki. Akaniuliza, "Mama mdogo, kwani umenikataa?"

Nikainama mpaka nikawa sawa na macho yake. Nikamweleza, polepole, mpaka mwisho. Kwamba yeye sikumkataa na sitamkataa. Kwamba baba ni baba yake, na mama yake ni Awa, na mimi ni mama mdogo, na mama mdogo hakai nyumba ya baba lakini anakuja. Kwamba shule zikifungwa, férias zikifika, nitakuja Palma kumchukua. Alinisikiliza vizuri sana, hakulia.

Kisha akasogea mbele kwenye siti, akapapasa nafasi aliyoiacha nyuma yake, akasema, "Haya, panda."

Dalila